Kijino cha Fundi kwenye Jicho la Panya

Shangazi yangu alishona nguo za watu kwa miaka ishirini na sita kabla hajashika jicho la panya, na siku aliyolishika aliuliza jambo moja tu: "Mbona kitambaa hiki hakina pindo?"

Lawama ni zangu, maana mimi ndiye niliyempeleka. Nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ya utafiti wa macho, kazi yangu kuhesabu mishipa ya damu kwenye picha, na kila jioni nilirudi nyumbani nikinung'unika. Tulikuwa tunajaribu dawa ya kuzuia mishipa inayoota ovyo ndani ya jicho. Mambo yenyewe yako hivi: jicho likikosa hewa ya kutosha hupiga mayowe, ila mayowe yake ni kemikali. Basi mishipa mipya huja mbio kama majirani waliosikia "moto!", kila mmoja na ndoo yake, hakuna anayeuliza moto uko wapi. Wanakanyagana, wanamwaga maji sakafuni, na mwisho nyumba inaharibiwa na maji. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja damu, na mwenye jicho anaanza kuutazama ulimwengu kama aliyefunikwa wavu. Dawa yetu ilitakiwa kuyazima yale mayowe.

Nyumbani kwetu habari hiyo haikuwa ya vitabuni. Bibi yangu, mama yake shangazi, alikuwa na kisukari. Jicho lake la kwanza lilikwisha hivyo hivyo, na la pili lilikuwa linachungulia tu.

"Mume wangu umerudi," alizoea kusema akisikia mlango, maana bibi ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa. "Leo mmeponya nani?"

"Hatujaponya mtu, bibi. Tumerarua retina nne kati ya sita."

Retina ndiyo ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ya panya ni ndogo kuliko kifungo cha shati na nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ili ipigwe picha lazima itolewe nzima, ikatwe mara nne kutoka pembeni kuelekea katikati, ifunguke kama ua lenye petali nne, kisha ilazwe juu ya kioo bila mkunjo. Tulikuwa na watu wa shahada mbilimbili pale, na wote walikuwa wanairarua kama mkate.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, pini tatu mdomoni. Alizitema mkononi ili apate nafasi ya kucheka.

"Nyie na digrii zenu zote, mnashindwa na kitambaa?"

"Shangazi, si kitambaa. Ni kitu laini mno."

"Nimeshona shela za maharusi zinazoyeyuka ukizitazama vibaya. Nileteeni mimi hicho kitu laini."

Nikampeleka. Daktari, mkuu wa maabara yetu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Huyu amesomea wapi?"

"Sokoni," akajibu shangazi mwenyewe, "kibanda cha tatu ukitokea kwa muuza ndoo."

Wakampa jicho. Akalirarua. Wakampa la pili, akalirarua pia. Vijana wa maabara wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, na mimi nikaanza kutafuta shimo la kuingia. Shangazi akaomba ruhusa ya kuvua kandambili. "Mikono yangu haifanyi kazi miguu ikiwa imefungwa," alisema, na kwa mtu aliyekanyaga cherehani nusu ya maisha yake huo haukuwa mzaha. Akaegemeza macho kwenye hadubini, akashika kibano na mkasi mdogo kama mguu wa mbu, akabana pumzi. La tatu lilitoka zima. Lilifunguka petali nne, likalala juu ya kioo kama limepigwa pasi.

Daktari alilitazama muda mrefu. "Hebu rudia."

Akarudia. Akarudia tena.

"Fundi," Daktari akasema, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, "unaweza kuanza Jumatatu?"

Wanaosema sayansi ni mali ya wenye vyeti waje niwaoneshe mikono ile! Kwa miezi minane sikuona retina iliyoraruka tena. Kazi ilikwenda mbio. Watoto wa panya waliwekwa siku tano kwenye sanduku lenye oksijeni nyingi, kisha wakarudishwa kwenye hewa ya kawaida. Macho yao yaliyokwisha kudekezwa yakaiona hewa ya kawaida kuwa njaa, yakapiga mayowe, na mishipa ovyo ikaota kwa vishada. Daktari aliwachoma sindano: dawa jicho la kulia, maji ya chumvi jicho la kushoto. Siku ilipofika, shangazi alipokea macho katika vichupa viwili, kimoja kimeandikwa kulia na kingine kushoto, akatandaza retina juu ya vioo. Daktari akabandika namba juu ya kila kioo, bila mpangilio, akaandika namba ipi ni ya jicho lipi, na karatasi hiyo akaifungia katika bahasha ndani ya kabati lake. Sisi wahesabuji tuliletewa picha zenye namba tupu.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Kikokotoo, kijana mwembamba mwenye miwani, asiyeweza kupanda ngazi bila kuzihesabu. Tulihesabu vishada katika macho sabini na sita ya panya thelathini na wanane. Bahasha ilipangwa kufunguliwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Jumatano wakati wa chai, shangazi alikuwa na furaha mpaka anaimba puani. Akamuuliza Daktari, ili tu mazungumzo yaende:

"Hivi hiyo bahasha kwa nini imefungwa na gundi yote ile? Nani mwizi humu?"

"Sote ni wezi, Fundi," Daktari akajibu. "Mtu anayetamani dawa ifanye kazi, akijua jicho hili limepata dawa, atahesabu vishada vichache bila hata kujua kwamba anadanganya. Jicho huona linachotaka. Ndiyo maana anayehesabu hatakiwi kuwa na njia yoyote ya kutofautisha kulia na kushoto. Yoyote kabisa."

Wimbo ukakatika. Shangazi alikiweka kikombe mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Tulipofika nyumbani akakaa kitandani kwa bibi, akanivuta mkono.

"Mwanangu, mimi ni fundi nguo."

"Najua, shangazi."

"Fundi nguo akikata mikono ya shati, wa kulia na wa kushoto inafanana. Usipoweka alama, utashona shati lenye mikono miwili ya kulia, mteja akuvunjie heshima mbele ya watu. Kwa hiyo ule wa kulia tunaupiga kijino, pembeni, kidogo sana, ncha ya mkasi tu."

"Shangazi, usiniambie."

"Kila retina ya kulia. Nilidhani ndiyo kazi safi."

Mimi, niliyekuwa nikihubiri ukweli kwa kila aliyekaa karibu nami, unajua nilisema nini? Nilisema: "Nyamaza." Kwamba mimi sikukiona kijino hata kimoja, na Kikokotoo hakuwahi kutaja lolote, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa, na tukisema kazi yote ya miezi minane itatupwa pipani, naye atarudishwa kibandani, ilhali siku mbili tu baadaye tungekuwa tunasherehekea.

Bibi alikuwa amelala, au ndivyo tulivyodhani. Akainuka kwa kiwiko.

"Mume wangu, njoo hapa karibu nikuone vizuri."

Nikasogea. Akanipiga kofi la begani ambalo kwa mtu wa jicho moja lililenga sawasawa.

"Hiyo dawa siku moja itaingia kwenye jicho langu hili lililobaki. Unataka nichomwe kitu kilichopimwa na watu wanaonong'onezana kitandani kwangu?"

"Bibi, sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mficha uchi hazai. Na wewe," akamgeukia binti yake, "kesho uamke mapema."

Asubuhi tulifika kabla mlinzi hajamaliza kufungua malango. Daktari alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti chake chenye magurudumu.

"Daktari, nimekosa," shangazi akaanza.

"Umerarua?"

"Heri ningerarua."

Akaeleza yote, kuanzia mikono ya shati. Daktari alijisukuma nyuma kwa miguu bila kutambua, kiti kikabingirika, kikabingirika, hadi kikagonga ukuta.

"Zote?"

"Za kulia zote. Thelathini na nane. Sijaruka hata moja, mimi siruki." Na wallahi, katikati ya msiba ule, sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

Daktari akaniambia nikae kando, nisifungue mdomo. Akamwita Kikokotoo, ambaye alikuwa hajasikia kitu.

"Wewe. Umewahi kuona kitu pembeni mwa zile picha?"

Kikokotoo akasukuma miwani juu ya pua. "Ndiyo. Kama kipande kidogo kimeng'oka."

Nikamtazama shangazi.

"Ukadhani ni nini?"

"Nilidhani Fundi amepiga chafya."

"Mara ngapi uliona?"

"Mara nyingi."

"Ukadhani amepiga chafya mara nyingi?"

"Nilidhani ana mafua, Daktari. Nilimhurumia."

Nani angejizuia? Shangazi, aliyekuwa analia, alicheka akiwa bado analia, ikawa sauti ya ajabu kama cherehani inayohitaji mafuta. Hata Daktari aligeuka dirishani, mabega yakitikisika. Lakini aliporudi uso wake ulikuwa umenyooka.

"Sikilizeni. Naamini hakujua. Lakini mimi siulizi kama alijua. Nauliza kama angeweza kujua, na jibu ni ndiyo. Kwa hiyo bahasha haifunguliwi kesho. Hesabu zenu zinakwenda kando. Picha zote zitakatwa kuwa duara, pembe zote ziondoke na vijino vyake. Zitapewa namba mpya. Na zitahesabiwa na watu wengine."

"Nani?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Humu ndani kila mtu anajua tunafanya nini. Hata mfagiaji anajua, maana wewe unahubiri mpaka chooni. Nataka watu wenye jicho kali, wenye subira ya kukaa kutwa, na wasiojua lolote. Nikiwakosa, itabidi tuanze upya na panya wapya."

Shangazi akainua mkono kama mwanafunzi wa darasa la pili.

"Sokoni," alisema.

Daktari akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama dari. Nadhani alikuwa anakumbuka vijana wake wa shahada mbilimbili.

Jumatatu wakaja mafundi watatu. Aliyewaongoza alikuwa mama mnene wa vibanda vya nyuma, aliyeitwa Mama Vifungo kwa sababu aliweza kukuambia duka zima lina vifungo vingapi kwa kuyatikisa makopo. Daktari aliwafundisha siku nzima kwa picha za majaribio ya zamani: huu ni mshipa wa kawaida, hiki ni kishada, hapa hesabu, hapa usihesabu. Hakuwaambia ni jicho. Hakuwaambia kuna dawa. Kisha akawafungia chumba chao, na akatoa amri moja kubwa: Fundi asiwakaribie, asiwaamkie, asiwaage, mpaka hesabu iishe.

Adhabu gani ile! Shangazi ni mtu anayemsalimia hata aliyepiga simu kwa makosa. Alipelekwa chumba cha panya, mwisho wa ukumbi, abadilishe matandiko ya maranda ya mbao kwenye vizimba. Lakini mlango wa chumba cha mafundi ulikuwa mwembamba, na sauti zao hazikuwa nyembamba.

"Hiki ni kishada au ni uzi uliojikunja?"

"Kikiwa na kichwa ni kishada, kikinyooka ni mshipa. Umeambiwa mara ngapi?"

"Hiki kina kichwa na kimenyooka."

"Basi ni mume wako. Endelea."

Nilimkuta shangazi ukumbini, gunia la maranda kichwani, kiganja mdomoni, machozi ya kicheko yanamtiririka. Mara mlango ukafunguka, Mama Vifungo akatoka kujinyoosha mgongo, akamwona.

"Shoga! Kumbe uko humu! Hebu niambie mwenzako, hivi tunahesabu nini? Mimi nasema ni mizizi ya mti, hawa wanasema ni ramani ya mji."

Shangazi alitimua mbio. Namaanisha mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na gunia lake, mpaka chumba cha panya, na mlango akaubamiza.

"He!" Mama Vifungo akaniambia. "Tangu avae koti jeupe amekuwa na maringo huyo!"

Maneno yale yalimuuma kuliko kitu chochote. Siku sita alikaa hivyo. Nyumbani alikaa karibu na bibi akimkandakanda miguu, akiniuliza kila baada ya muda: "Na kama hesabu zao zikitofautiana na zenu? Maana yake kijino changu kiliwadanganya kweli?" Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake.

Siku ya saba, saa nne, sote tukajazana kwenye chumba cha Daktari, na mafundi watatu nao wakaruhusiwa kuingia. Daktari akachana bahasha mbili, ya zamani na ya namba mpya, akazisoma namba, moja moja, na Kikokotoo akaziingiza kwenye kompyuta. Sabini na sita ni nyingi ukizisubiri umesimama. Shangazi alishika mkono wangu, na nakiri mpaka leo kidole kimoja hakijarudi sawa.

Kikokotoo akabonyeza. Akasukuma miwani. Akafuata tarakimu kwa kidole, mara mbili.

"Sema, wewe!" akafoka Daktari, mtu asiyefoka.

"Macho ya kushoto, yenye maji ya chumvi: vishada thelathini na vinne kwa wastani. Ya kulia, yenye dawa: tisa."

"Na hesabu yenu ya kwanza?"

"Thelathini na tatu. Na kumi."

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Najua Daktari alikuwa amemkumbatia shangazi, najua Kikokotoo alisema "Nilijua" na sote tukamzomea "Hukujua!", najua mfagiaji alikuja na ufagio kuuliza nani amekufa. Kijino hakikumdanganya mtu! Miezi minane ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Dawa ilikuwa imeyazima mayowe, na mafundi watatu wa sokoni, bila kujua, ndio waliokuwa mashahidi.

Daktari akawageukia, akawaeleza sasa kwamba walichokuwa wakihesabu ni macho ya panya.

"Macho ya nini?" akauliza Mama Vifungo.

"Panya."

"Siku sita! Na mlikuwa mnaniletea chai pale pale mezani!" Kisha akamtazama shangazi, uso ukalainika. "Kumbe ndiyo maana ulikimbia, shoga."

"Nilikatazwa kukusalimia," shangazi akasema, na hapo ndipo alipolia kilio kamili, akiwa ameegemea kifua cha mwenzake.

Mchana Daktari alikaa kuandika ripoti, akamwita shangazi aketi kando yake. Akamsomea: "'Iligundulika kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa ameweka alama kwenye retina za kulia, kwa hiyo picha zote zilihesabiwa upya na watu wasiohusika.'"

Shangazi akashtuka. "Unaliandika kosa langu lisomwe na dunia nzima?"

"Lazima. Anayesoma ana haki ya kujua tulivyofanya."

Shangazi akafikiri. Akamwona akilini mwake, nadhani, mama yake ameinuka kwa kiwiko.

"Basi sawa. Lakini 'mfanyakazi mmoja' ni nani? Mfanyakazi anaweza kuwa yeyote. Andika fundi. Na uandike kwamba alisema mwenyewe."

Daktari akafuta, akaandika upya.

Tulifika nyumbani jua bado liko juu. Shangazi alimsimulia bibi kila kitu, akiigiza sauti zote, ya Kikokotoo na ya Mama Vifungo, na ile mbio yake na gunia, mara mbili, maana bibi aliomba irudiwe. Bibi alipomaliza kucheka alijifuta lile jicho lake moja kwa ncha ya khanga.

"Haya. Panya wameona faida. Mimi lini?"

Shangazi akakaa chini. Hakutaka kumdanganya mtu siku ile. "Bado, mama. Baada ya panya watajaribu kwa wanyama wengine, sungura labda. Kisha watu wachache wanaojitolea. Kisha ndipo wengine. Ni miaka, mama. Wakati huo tuendelee na sindano za hospitali ulizoandikiwa, na sukari uipunguze."

"Sungura?" Bibi akauliza. "Sungura ana haraka gani? Yeye anasoma nini?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Haya. Foleni nitakaa, mimi si mtu wa fujo. Ila mwambie Daktari wako, kati ya sungura na mimi pasiingie mtu."